Alama za Kweli, Shimo Tupu

Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, hapa Kimandolu, kuna shimo. Siku hizi ni la taka, na wajukuu wamekatazwa kulisogelea, lakini alipoanza kulichimba lilikuwa la rupia za Mjerumani. Alama zote zilikuwepo: mringaringa mkubwa wenye msumari wa chuma uliomezwa na gome, jiwe lenye mchoro kama msalaba, na Mlima Meru ukionekana wazi kabisa kutoka hapo. Akaja mtaalamu na mashine inayolia. Ikalia kweli. Mjomba akauza ng'ombe wawili, halafu kipande cha shamba la migomba. Mtaalamu akasema anakwenda kutafuta zebaki. Hajarudi mpaka leo.

Msije mkadhani mjomba ni mjinga. Ni msomaji, na kitabu anachokipenda kuliko vyote ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Mwezi uliopita nilikirudia, safari hii nikiwa na Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson pembeni. Vyote viwili viliingia katika Kiswahili enzi ya Frederick Johnson, yule yule wa kamusi za mwaka 1939. Yaani Kiswahili Sanifu kilikuwa bado kinajifunza kutembea, na tayari kimeshikishwa ramani ya hazina mkononi.

Kwa Haggard kila alama ni tiifu. Mreno anayekaribia kufa anachora ramani kwa damu yake mwenyewe, na karne tatu baadaye milima miwili ipo palepale, barabara ipo, na chumba cha almasi kipo. Quatermain anapitia taabu nyingi, ila ramani haimdanganyi hata mara moja. Ni hadithi inayokwenda mbio, ukiianza huiweki chini. Udhaifu wake ndio huo huo: inamfundisha msomaji kwamba ishara ikiwepo, mali ipo. Cha ajabu, kichwa cha Kiswahili kina ukweli kuliko kitabu chenyewe. Si migodi, si machimbo. Ni mashimo.

Stevenson ni mjanja zaidi. Ramani yake ina misalaba mitatu ya wino mwekundu, na njiani kuna mifupa ya mtu iliyolazwa makusudi inyooshe upande wa kwenda. Maharamia wanafuata, wanafika, wanakuta shimo limeshachimbwa. Alama zilikuwa za kweli kabisa! Ila Ben Gunn, mtu aliyetelekezwa kisiwani, alikuwa ametangulia kuhamisha mali. Kwangu ukurasa huo una thamani kuliko almasi zote za Haggard, maana unatenganisha vitu viwili ambavyo mjomba aliviona kimoja: alama kuwa ya kweli, na ardhi kuwa na kitu.

Masimulizi yetu ya mali za Mjerumani yanamfuata Haggard. Hatuko peke yetu. Wajesuti walifukuzwa katika makoloni ya Hispania mwaka 1767, na mpaka leo kuna watu huko Marekani wanaozunguka majangwani wakisoma misalaba kwenye miamba. Mpangilio ni ule ule: mgeni mwenye nguvu anaondoka ghafla, basi lazima kuna alichoacha. Hapa kwetu Waingereza waliichukua Arusha Machi 1916. Na sarafu za dhahabu zilikuwepo, hilo si uongo: mwaka huo huo Tabora zilipigwa rupia 15 zenye tembo, kama 16,000 hivi, kwa dhahabu ya Sekenke. Uongo mtamu hujengwa juu ya msingi wa kweli.

Lakini sikilizeni kipande cha hadithi ambacho huwa tunakipita haraka. Wasimulizi husema wapagazi waliobeba masanduku waliuawa shimoni ili roho zao zilinde mali. Mjomba alikuwa akikisimulia kama kitisho cha kuwafukuza watoto. Mimi nakisoma kama kumbukumbu. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita ile, kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi wala jina. Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba jina la kikosi chao upande wa Waingereza. Katika hadithi nzima ya hazina, hao ndio wenye ushahidi.

Na masanduku je? Yalikuwepo pia, ila yalielekea upande mwingine. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya dinosaria kutoka Tendaguru hadi Lindi kwa kichwa na mabega, na mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin hadi leo. Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900, na ukoo wake umehangaika miaka mingi kutafuta fuvu lake huko huko Ujerumani. Tunachimba nyuma ya nyumba tukitafuta alichoacha mtu ambaye kumbukumbu zake zinaonyesha alichochukua.

Hapo ndipo ninapomlaumu Haggard, pamoja na utamu wake wote. Kwake mgeni anakuja, anajaza mifuko, anaaga kwa heshima. Sisi tukabaki na nusu ya pili ya ndoto, tukidhani mifuko ilitoboka njiani.

Jumapili nilimpelekea mjomba Kisiwa chenye Hazina. Alisoma siku tatu. Nilipopita tena nilimkuta barazani, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa shimo tupu.

"Kumbe kuna mtu alitangulia kuchimba," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Akatazama kule kwenye mringaringa, kimya, muda mrefu.

"Basi, mpwa wangu, huyo ndiye wa kutafutwa."