Watu Wote: Ushungi, Ukweli na Jirani

Filamu fupi ya Watu Wote (2017), iliyoongozwa na Katja Benrath wa Hamburg Media School, ina urefu wa dakika 22, na wahusika wake husema Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Chimbuko lake ni tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha kwa risasi basi lililokuwa likienda Mandera, Kenya, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na baadhi yao waliwavika Wakristo mavazi yao ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Waliokataa walijua gharama: Novemba 2014, karibu na Mandera, watu 28 waliuawa baada ya abiria wa basi kutenganishwa vivyo hivyo.

Mhusika mkuu ni Jua, mwanamke Mkristo ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa na magaidi. Hapa pana udhaifu. Chuki yake imepewa sababu nzito mno, hata mtazamaji humhurumia kabla ya kumhoji. Wengi wetu twawashuku majirani zetu bila kufiwa na yeyote. Filamu haikututazama sisi.

Lakini swali zito zaidi ni la ushungi. Je, Mkristo aliyejificha ndani yake amemkana Kristo? Wapo watakaosema ndiyo. Mimi nasema sivyo. Wakunga wa Kiebrania katika Kutoka 1 walimficha Farao ukweli ili watoto wachanga waishi, na Mungu akawatendea mema. Luther naye, akiifafanua Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye katazo. Alitufundisha kumtetea jirani. Muuaji hana haki ya kudai ushuhuda utakaomwangamiza mwingine.

Tena, tuisome upya Luka 10. Tumezoea kuihubiri kana kwamba sisi ndio Wasamaria na wengine ndio majeruhi. Katika basi lile Mkristo ndiye aliye hatarini barabarani, na anayemwokoa ni yule aliyemwogopa. Jua hakustahili ushungi ule wala hakuununua, aliupokea tu. Kanisa linalohubiri neema lisione haya kuipokea kwa mkono wa mgeni.

Hili si la Mandera peke yake. Oktoba 2012, hapa Dar es Salaam, ugomvi ulioanzia kwa watoto wawili huko Mbagala, Temeke, uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Washirika wetu wa Temeke na Kinondoni hupanda daladala moja na Waislamu, huchota maji bomba moja na kuzikana. Ujirani huo usingoje bunduki ndipo upimwe.

Nashauri filamu hii itumike katika somo la mahubiri, na sharikani ionyeshwe pamoja na majirani Waislamu, wala si kwetu wenyewe tukiwajadili wao.