Neno ni la Aliyeliandika au Aliyeliita? Mjadala wa Upeo katika Lugha ya Lisp

Wahakiki wetu wamezoea kugawanyika makundi mawili. La kwanza linasema maana ya neno ikatafutwe pale lilipoandikwa: kwa mwandishi, zama zake na jamii yake. La pili linasema mwandishi amekwisha kufa, neno ni mali ya anayelisoma leo. Barthes hutajwa sana na kundi hili, aghalabu na watu wasiomsoma (hilo tuliache). Katika semina mjadala huu humalizwa kwa kusema eti pande zote mbili zina ukweli, kisha watu wanakwenda kula. Makala haya yanakusudia kuupeleka mahali ambapo jibu la namna hiyo halifai kitu, kwani ukikosea kuchagua, kazi yako inaharibika mbele ya macho yako. Mahali penyewe ni lugha ya kompyuta iitwayo Lisp.

Lisp ilibuniwa na John McCarthy huko MIT, Marekani, mwaka 1958, na makala yake ya kuieleza ilichapishwa 1960. Tusiogope mabano yake. Aliyewahi kuhesabu mizani za utenzi hashindwi na mabano. Hebu tuangalie mistari miwili:

(let ((mji "Lamu")) (defun taja () mji))
(let ((mji "Boston")) (taja))

Mstari wa kwanza unasema: ndani ya mabano haya jina mji ni Lamu, na humu humu natunga fanksheni, yaani kijiprogramu, iitwayo taja. Kazi yake ni kutoa maana ya mji, basi. Mstari wa pili unasema: sasa mji ni Boston, iite taja. Itajibu nini?

Ikijibu Lamu, imelichukua jina pale lilipoandikwa. Huo ndio upeo wa leksikali, nasi twaweza kuuita upeo wa matini. Ikijibu Boston, imelichukua kwa yule aliyeiita. Huo ni upeo wa dainamiki, tuuite upeo wa mwito. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu anaujua huu wa pili. Ubeti umetungwa zamani, lakini bibi anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwenye mstari ule ule, jicho likiwa kwa hasimu wake, "wewe" wa wimbo amepatikana usiku huo, na mtunzi hana habari.

Lisp ya mwanzo ilikwenda kwa upeo wa mwito, na haikuwa kwa kukusudia. McCarthy mwenyewe alieleza mwaka 1978 kwamba James Slagle alitunga fanksheni inayojiita yenyewe, akalalamika kuwa haifanyi kazi. Ilihitaji thamani ya jina kutoka duru ya nje, ikapewa ile ya duru ya ndani. McCarthy alidhani ni hitilafu ndogo tu, Steve Russell ataitengeneza. Kiraka kikawekwa, lakini tatizo lilikuwa kubwa kuliko kiraka. Mwaka 1970 Joel Moses aliliandikia makala akionesha kuwa ni tatizo la mazingira ya jina. Mwaka 1975 Sussman na Steele wakatoa Scheme, ambamo fanksheni huenda na mazingira yake kama konokono na nyumba yake. Popote utakapoiita, taja itajibu Lamu.

Hapa kundi la kwanza litapiga makofi. Ngoja kwanza. Mwaka 1981 Richard Stallman, mtunzi wa Emacs, aliutetea upeo wa mwito kwa hoja nzito. Emacs ni programu ya kuhariri matini ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuigeuza apendavyo. Mwandishi wa kwanza, alisema, hawezi kubashiri kila kitu ambacho wengine watataka kukibadili. Jina likiwa linasikiliza mwito, mtu wa baadaye ataigeuza tabia ya fanksheni bila kuiandika upya. Kwangu mimi huu ni utetezi wa msomaji ulio bora kuliko mwingi niliousoma kwenye vitabu vya nadharia, maana unataja kazi hasa anayopewa msomaji huyo.

Common Lisp, iliyotoka katika kitabu cha Steele mwaka 1984, haikusema pande zote zina ukweli. Ilisema upeo wa matini ndio kawaida. Anayetaka jina lisikilize mwito alitangaze. Na desturi ya waandishi wake ni kulivisha jina hilo nyota mbili, kama *print-base*. Lipe thamani ya 2, na kila fanksheni utakayoiita humo itachapa kumi kuwa 1010, hata iliyoandikwa na mtu asiyekujua. Ukitoka kwenye mabano, kumi inarudi kuwa 10. Kumbe uhuru wa msomaji upo, una mipaka, na unaonekana kwa macho!

Hilo ndilo linalokosekana kwetu. Mhakiki anasoma ubeti wa Muyaka, mtu wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, analichukua neno moja la vita vya wakati ule na kulijaza siasa za leo. Sina ugomvi naye kwa hilo, Stallman amenishawishi. Ugomvi wangu ni kwamba haweki nyota. Anaandika kana kwamba ubeti wenyewe ndio uliojibu Boston, na sisi wa mwaka wa kwanza tunanakili kwenye madaftari kuwa Muyaka alisema hivyo.

Emacs nayo ilikuja kusogea. Tangu toleo la 24 la mwaka 2012, faili linaweza kutangaza katika mstari wake wa kwanza kwamba lisomwe kwa upeo wa matini, kwa maneno lexical-binding: t. Na katika toleo la 30, la mwaka 2025, kompaila humwonya mwandishi ambaye faili lake halina tangazo. Ukiandika nil, maana yake umeuchagua ule upeo wa zamani, nayo inanyamaza.