Doa Moja Halitoshi: Uzamili wa Kemia na Suala la Ushahidi

Katika idara za kemia za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, tasnifu nyingi za uzamili kwa njia ya utafiti hupita barabara moja. Mwanafunzi huchagua mmea wa dawa, hukusanya majani, magome au mizizi, huvikausha kivulini, huvisaga na kuviloweka kwenye methanoli au kiyeyushi kingine, kisha humaliza miezi akitenganisha alichokamua mpaka afikie kampaundi mojamoja. Mwishoni huchora muundo wa kila kampaundi na kwenda kutetea kazi yake mbele ya watahini. Swali linalomkosesha usingizi kabla ya siku hiyo ni lile la upya: umepata nini ambacho hakijapatikana? Nadhani swali hilo limepewa kiti cha mbele kisicho chake. Linalostahili kiti hicho ni: umejuaje? Ukiitazama kazi yenyewe inavyofanyika hatua kwa hatua, utaona kuwa shahada hii ni mafunzo ya kuthibitisha, na kwamba mwanafunzi aliyethibitisha sawasawa kampaundi iliyojulikana miaka mingi amestahili shahada kuliko aliyetangaza kampaundi mpya kwa ushahidi mwembamba.

Tuchukue mfano ambao kila maabara ya kemia ya mimea inaujua, na ambao watahini wengi huukunjia uso: beta-sitosteroli na stigmasteroli. Hizi ni steroidi za kawaida za mimea, kiasi kwamba mwanafunzi anayetenganisha viambato vya karibu mmea wowote hukutana nazo, apende asipende. Fomula ya steroidi ya kwanza ni C29H50O, ya pili C29H48O. Tofauti ni atomu mbili za hidrojeni tu, kwa sababu stigmasteroli ina bondi maradufu moja ya ziada kwenye mkia wake, kati ya kaboni ya 22 na ya 23. Kwenye kolamu ya silika jeli tofauti hiyo haina uzito wowote: zote mbili huteremka pamoja. Kwenye bamba la TLC, yaani kromatografia ya tabaka jembamba, hupanda pamoja pia, na ukinyunyizia vanilini yenye asidi ya salfuriki kisha ukapasha moto, unaona doa moja safi la zambarau. Fuwele zake ni nyeupe, zinavutia, na zinamshawishi mwanafunzi aliyechoka kuandika kwenye daftari lake kwamba amepata kampaundi moja iliyo safi. Hapo ndipo tasnifu huanza kuharibika au kuanza kuwa tasnifu.

Mashine ya NMR, inayoiweka sampuli ndani ya sumaku kali na kusikiliza jinsi viini vya atomu zake vinavyoitikia, haidanganywi na doa moja. Steroidi zote mbili hutoa kilele kimoja karibu na 5.35 ppm, cha protoni iliyo kwenye kaboni ya 6, pamoja na kundi la vilele karibu na 3.5 ppm, la protoni iliyoshikana na kaboni yenye hidroksili. Stigmasteroli, kwa sababu ya ile bondi ya mkiani, huongeza vilele viwili karibu na 5.15 na 5.02. Mwanafunzi makini hapimi tu mahali vilele vilipo. Hupima eneo lililo chini ya kila kimoja, kwa kuwa eneo hilo hulingana na idadi ya protoni. Ikiwa kilele cha 5.35 kimehesabiwa kuwa 1, na kila kimoja cha vile viwili kikatoka 0.4, basi hakuna molekuli yenye sehemu nne za kumi za protoni. Kilichomo kwenye chupa ni mchanganyiko, na takriban asilimia 40 yake ni stigmasteroli. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta kubwa wala msimamizi mashuhuri. Inahitaji mtu aliyekubali kwamba sehemu ya desimali isiyopendeza ina habari kuliko doa linalopendeza. Spektromita ya masi inaweza kumthibitishia kwa kuonyesha ioni mbili, ya 414 na ya 412, na kiwango cha kuyeyuka kikitawanyika badala ya kusimama mahali pamoja ni shahidi mwingine, tena wa bei nafuu kuliko wote.

Mtu anaweza kusema: na iwe mchanganyiko, nani anajali, si steroidi zilezile zilizomo kwenye mafuta ya kula? Anayejali ni yeyote atakayefanya jaribio la pili. Mchanganyiko huo ukipelekwa kupimwa dhidi ya bakteria ukaonyesha nguvu fulani, nguvu hiyo itaandikwa kwa jina la kampaundi moja ambayo pengine haikuhusika. Vivyo hivyo kwa ftalati, zile kemikali za kulainishia plastiki. Zinavuja kutoka kwenye mipira, vifuniko na madumu ya viyeyushi, zinakusanyika kadiri viyeyushi vinavyokaushwa lita baada ya lita, na kwenye maandiko ya kemia zimekwisha kuripotiwa mara nyingi kama zao la mmea. Vilele vyake vya karibu na 7.7 na 7.5 ppm ni vizuri na vimepangika kuliko vya kampaundi nyingi za kweli. Mwanafunzi asiyekausha kiyeyushi kitupu, kisichogusa mmea, ili aone kinabakiza nini, hana namna ya kujua kama ametafiti mti au dumu.

Upande wa kaboni mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo ratiba ya shahada inapoamuliwa na fizikia. Kaboni inayosikika kwenye NMR ni ile ya 13, ambayo katika maumbile ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Ishara yake ni dhaifu, hivyo mashine lazima irudie kipimo mara nyingi na kujumlisha. Lakini ishara hukua dhidi ya kelele kwa kipeuo cha pili tu cha idadi ya marudio: ukitaka picha iliyo wazi mara mbili, unahitaji marudio mara nne. Maana yake ni hii: miligramu 10 zikitosha kwa saa moja, miligramu 5 zitadai saa nne, na miligramu 2.5 zitadai saa 16 za mashine ambayo foleni yake ni ndefu. Mwanafunzi aliyeanza na nusu kilo ya majani makavu badala ya kilo mbili, kwa kuona uvivu wa kusaga, atalipa deni hilo mwaka wa pili kwa sarafu ya muda. Vyuo vinavyotoa uzamili wa mseto, yaani masomo ya darasani mwaka mzima na utafiti baadaye, huubana muda palepale kwenye hatua inayofundisha kuliko zote. Uzamili wa utafiti mtupu una faida hapa, ilimradi miezi ya mwanzo isiliwe na pendekezo la utafiti linaloandikwa upya kila kikao.

Haya ya ushahidi si mashaka ya wanagenzi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1927 ilikwenda kwa Heinrich Wieland kwa kazi yake juu ya asidi za nyongo, na ya 1928 kwa Adolf Windaus kwa kazi ya steroidi. Walikuwa wamevunjavunja molekuli hizi kwa subira ya miaka, wakipima vipande na kurudisha picha nyuma, na muundo walioufikia ulikuwa na kasoro. Kanuni iliyotumika wakati huo kukadiria ukubwa wa pete kutokana na kilichozaliwa zinapovunjwa haikushika kwa pete mojawapo. Mwaka 1932 J. D. Bernal alipima fuwele za steroidi kwa eksirei na kuona kwamba molekuli ni ndefu na bapa, haiwezi kuenea kwenye mchoro uliokubalika. Mwaka huohuo Rosenheim na King wakapendekeza mifupa mipya ya molekuli, na Wieland mwenyewe hakukawia kuirekebisha. Steroidi zinazomkunjisha mtahini uso leo ni jamaa wa molekuli hizohizo.

Pingamizi la kawaida hapa ni kwamba hiyo ilikuwa enzi ya vikombe na taa za spiriti. Leo mashine zinasema zenyewe. Hazisemi. Mwaka 2005 K. C. Nicolaou na Scott Snyder walichapisha mapitio ya miundo ya kampaundi asilia iliyolazimika kusahihishwa tangu 1990, na waliikuta zaidi ya 300, yote ikiwa imetokea katika zama za NMR. Kisa cha heksasiklinoli, kampaundi ya uyoga iliyoripotiwa mwaka 2002, kinafundisha zaidi. Mwaka 2006 mkemia mmoja alitangaza kuwa ameitengeneza maabara na kwamba vipimo vyake vinalingana na muundo uliochapishwa. Scott Rychnovsky, bila kugusa chupa hata moja, alikokotoa kwa kompyuta mahali ambapo vilele vya kaboni vingepaswa kuwa kama muundo ule ungekuwa wa kweli, akaona haviafikiani, na kupendekeza muundo mwingine. Kundi la John Porco likautengeneza huo mwingine, na huo ndio uliolingana na kampaundi asilia. Makala ya utengenezaji wa kwanza iliondolewa baadaye. Kilichomwezesha Rychnovsky ni swali ambalo mwanafunzi wa uzamili anaweza kujiuliza kwa kalamu na jedwali: kama nilichochora ni sahihi, ningetarajia kuona nini?

Pingamizi zito zaidi linahusu fedha. Nchi zenye bajeti finyu, wanasema, haziwezi kumsomesha mtu miaka miwili athibitishe beta-sitosteroli kwa mara ya elfu; zinataka dawa. Jibu liko ndani ya historia ya dawa yenyewe. Artemisinini, mama wa dawa za mseto zinazomezwa katika kila zahanati yetu, ilitokana na kazi ya kundi la Tu Youyou huko Beijing, chini ya mradi wa malaria ulioanzishwa Mei 1967. Kundi lilichuja mamia ya dawa za jadi, likabadili njia ya ukamuaji na kutumia etha inayochemka kwenye joto dogo ili kiambato kisiharibike, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawaua vimelea wote kwenye panya. Huo ndio upande unaosimuliwa. Upande usiosimuliwa sana ni kwamba baada ya kupata fuwele mwaka 1972, kazi ya kujua ni kitu gani ilichukua miaka na taasisi kadhaa, hadi eksirei zilipoonyesha daraja la peroksidi ambalo wachache wangelitarajia, na muundo kuchapishwa 1977. Mwaka 1973, katika jitihada za kuhakikisha kama molekuli ina kundi la kaboni na oksijeni lenye bondi maradufu, waliichanganya na sodiamu borohidridi. Walichopata ni dihidroartemisinini, yenye nguvu kuliko mama yake, na ambayo kutokana nayo hutengenezwa artemetha na artesuneti. Dawa bora ilitoka katika jaribio la kuthibitisha muundo. Anayeona uthibitisho kuwa ni gharama inayochelewesha dawa autazame tena mwaka huo wa 1973.

Mwenye ubishi atajibu kwamba Tu Youyou hakuwa na shahada ya juu: alihitimu famasia mwaka 1955 na hakusoma uzamili wala uzamivu. Ni kweli, na ni pingamizi zuri. Lakini alichokuwa nacho ni mradi wa taifa wenye wakemia wa Shanghai na wataalamu wa eksirei wa kuihoji kila fuwele. Nidhamu ile ilimzunguka. Kijana anayeajiriwa katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye taarifa yake juu ya unga uliokamatwa itasomwa mahakamani, hatakuwa na taasisi kadhaa nyuma yake. Lazima aje na nidhamu hiyo kichwani, na tasnifu ya utafiti ni miongoni mwa mahali pachache ambapo anaweza kuipata kwa kubanwa yeye peke yake. Steroidi ya kawaida inafaa kwa kazi hiyo kuliko kampaundi mpya, kwa sababu jibu lake linajulikana na mtahini anaweza kuona ni wapi hoja imerukwa.

Kikwazo cha kweli, kwa maoni yangu, ni umbali wa mashine. Sampuli nyingi za ukanda huu husafirishwa nje kwenda kupimwa, na mara nyingine hurudi na tafsiri iliyokamilika, kiasi kwamba mwanafunzi anaingia kwenye utetezi akiwa amenakili jedwali la mtu mwingine. Mitandao kama NAPRECA, inayowaunganisha wakemia wa kampaundi asilia wa Afrika Mashariki na Kati tangu 1984, imepunguza upweke huo, lakini haiwezi kuweka sumaku katika kila idara. Kuna hatua mbili zisizogharimu mashine. Kwanza, kabla chupa haijafungwa kwenda safari, mwanafunzi aandike na msimamizi atie sahihi: natarajia vilele hivi, maeneo haya, na kikitokea kile nitakuwa nimekosea. Pili, zirudi faili ghafi za kipimo, si picha iliyochapwa tu, ziwekwe kwenye hifadhi ya maktaba pamoja na tasnifu, ili mtahini wa nje aweze kupima mwenyewe lile eneo lililo chini ya kilele cha 5.15.