Rosa Mistika na Lawama ya Kuwapotosha Vijana

Riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1971, iliandamwa tangu mwanzo na lawama kwamba yapotosha vijana. Nchini Tanzania ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye ikaruhusiwa na hata kutahiniwa. Makala haya hayakusudii kuitetea riwaya kwa jumla, bali kuichunguza dhana iliyozaa marufuku hiyo, yaani kwamba kijana ni chombo kitupu, na asomacho ndicho atendacho. Dhana hiyo haijafa. Siku hizi imeelekezwa kwenye filamu, muziki na simu.

Riwaya yenyewe yaipinga. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye Rosa vikali kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Hamwulizi anaielewaje barua hiyo, wala hamfundishi namna ya kuijibu. Alivyoiadhibu Zakaria barua, ndivyo wakaguzi walivyoiadhibu riwaya. Matokeo yake ni kwamba Rosa anajifunza woga, hajifunzi kupima mambo. Akiwa chuoni Morogoro, mbali na jicho la baba, woga unamtoka na hapana kilichoshika nafasi yake. Husemwa kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kezilahabi anaonyesha kwamba hata aliyefunzwa nyumbani, kama alifunzwa kwa fimbo tu, ulimwengu utamfunza upya.

Je, hoja hiyo ina ushahidi nje ya riwaya? Mfano unaofaa ni Eldoret, mji wa vyuo, ambako vijana wengi huishi mbali na wazazi kama alivyoishi Rosa. Lukoye Atwoli na wenzake waliwahoji wanafunzi 500 wa vyuo vinne vya huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Asilimia 69.8 walikuwa wamewahi kutumia kileo au dawa ya kulevya ya aina fulani. Pombe peke yake, asilimia 51.9. Kati ya watumiaji, asilimia 75.1 walianzishwa na rafiki, na asilimia 23.5 na jamaa asiye mzazi wala ndugu wa nyumba moja. Uchunguzi huo haukuhusu mapenzi, ambayo ndiyo kiini cha riwaya. Hata hivyo, waonyesha mlango ambao hatari hupitia: ni mtu anayeaminiwa, mwenye kusema na kijana kwa lugha yao wote wawili. Kitabu au filamu yaweza kulipamba jambo, lakini aghalabu anayelileta mkononi ni rafiki.

Hapa ndipo upungufu wa riwaya unapojitokeza. Kezilahabi amemchora baba kwa ustadi mkubwa, ila sauti ya rafiki haikupewa uzito ulio sawa na ule wa fimbo. Tena, baada ya kuulaani woga katika malezi, mwandishi anamfikisha Rosa kwenye utoaji mimba na hatimaye kujiua, hata msomaji kijana akaachwa na hofu ileile aliyotiwa Rosa na babaye. Kimaudhui riwaya yamshutumu Zakaria. Kifani, mwisho wake wakaribia kuishika fimbo yake.

Kasoro hiyo haihalalishi marufuku. Yaonyesha namna kitabu kinavyopasa kufundishwa. Mwalimu anayewasomesha vijana riwaya hii asiishie kwenye funzo kwamba dhambi hulipwa kwa mauti. Awaulize wanafunzi Rosa angalisema nini, kwa maneno gani, na kwa nani, kabla ya kila hatua aliyoichukua. Kijana aliyelelewa kwa amri anajua jibu la kumpa baba. La kumpa rafiki hajalipata, na kulitafuta ni kazi ambayo somo la fasihi laweza kuifanya, mradi kitabu kiwe wazi mbele ya darasa.