Mng'aro wa gari jeusi huanzia kwenye ndoo

Mwezi Juni 2018 Toyota ilizindua nchini Japani toleo la tatu la Century, gari ambalo mwenyewe hukaa kiti cha nyuma na kumwachia dereva usukani. Rangi yake kuu ni nyeusi, na imepewa jina la Kamui. Hupakwa tabaka saba, na katika kazi hiyo bodi hupigwa msasa wa maji mara tatu ili kuondoa vinundu na mabonde madogo mno. Mwishoni hupigwa polishi mpaka mtu ajione sura. Waliobuni rangi hiyo walijifunza kutoka kwa mafundi wa urushi, utomvu wa mti ambao Wajapani huupaka kwenye vyombo vya mbao, kuusugua na kuupaka tena.

Katika mlolongo wote huo hakuna hatua ambapo mng'aro ulimiminwa kutoka kwenye kopo. Ulipatikana kwa kunyoosha uso wa rangi, tabaka baada ya tabaka. Mwenye gari jeusi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hatapata tabaka saba, lakini kanuni inayolifanya gari lake ling'ae ni hiyohiyo. Mng'aro ni unyoofu wa uso. Kila kinachogusa bodi kinaulinda unyoofu huo au kinaupunguza, na kinachogusa bodi mara nyingi kuliko vyote ni kitambaa cha kuoshea.

Kwa nini nyeusi haifichi

Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, halafu rangi yenyewe. Magari mengi ya leo hufunikwa na tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Klia hiyo ina maikroni 35 hadi 50 hivi, na ndiyo inayobeba mng'aro wote.

Mwanga unapoipiga klia wima, karibu asilimia 4 hurudi papo hapo na uliobaki hupenya. Kwenye gari jeupe, mwanga uliopenya hukutana na rangi inayourudisha ukiwa umetawanyika kila upande, na weupe huo huzamisha mikwaruzo midogo. Kwenye gari jeusi mwanga uliopenya humezwa. Jicho linabaki na ile asilimia 4 tu, inayochora mawingu na minazi juu ya boneti. Ni sawa na maji ya kisimani: yakitulia yanakuonyesha uso wako, yakitikiswa picha inavunjika. Mkwaruzo mmoja mwembamba huupotosha mwanga ukaonekana kama uzi mweupe juu ya giza.

Ndiyo sababu gari jeusi likiegeshwa juani huonyesha utando wa buibui uliozunguka mwako wa jua. Wengi huamini kwamba mwoshaji alisugua kwa kuzungusha mkono. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imelala kila upande, ila ile iliyokatiza njia ya mwanga ndiyo inayomulika, na kwa pamoja hufanya duara. Ukihamisha taa, duara nalo huhama. Kusugua kwa mistari iliyonyooka hakuzuii mikwaruzo kama mchanga ungali umo ndani ya kitambaa.

Kwa magari yetu yaliyotumika kutoka Japani kuna jambo moja la ziada. Fungua boneti au mlango wa dereva, tafuta kibati cha utambulisho na usome namba ya rangi. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202 inajulikana miongoni mwa mafundi wa polishi kwa ulaini wake. Hung'aa vizuri mno, na hukwaruzika upesi.

Mchanga ndio adui

Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10 wa almasi. Chuma cha kisu hakifiki hapo, sembuse klia. Kwa hiyo dereva wa shangingi la ofisi anayepitisha kitambaa kikavu juu ya boneti kila asubuhi anapiga msasa. Anafanya hivyo kwa nia njema, na gari linaonekana safi kwa saa chache, lakini kila asubuhi anapunguza kidogo ule unyoofu.

Kwenye maeneo ya kuoshea magari, madhara huanzia kwenye ndoo moja na kitambaa kimoja. Kitambaa kilichofuta rimu zenye unga wa breki huingia kwenye ndoo, mchanga hushuka chini, mkono unaofuata huuvuruga, kisha uchafu huo hupelekwa kwenye paa. Sabuni ya unga ya kufulia nayo ni kali, na huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi.

Utaratibu unaofaa hauna siri. Gari likae kivulini mpaka bodi ipoe. Rimu na matairi yatangulie, kwa ndoo na brashi yake. Kisha bodi imwagiwe maji mengi kuanzia juu ili mchanga uondoke kabla mkono haujagusa kitu. Maji ya presha yanasaidia sana hapa. Baada ya hapo ziwepo ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba ichovywe kwenye shampuu, ipite sehemu moja ya bodi bila kukandamizwa, isuuzwe kwenye maji matupu, ndipo irudi kwenye shampuu. Anza na paa, vioo, boneti na buti, shuka milangoni, na umalizie sehemu za chini za bampa na milango, maana huko ndiko matope hukaa. Kitambaa kikidondoka chini, siku hiyo hakirudi kwenye rangi.

Kukausha ni nusu ya kazi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa. Yakikauka yenyewe juu ya bati jeusi lenye joto, huacha madoa ya duara. Doa changa la chokaa huyeyuka kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha mahali hapo husuuzwa vizuri. Likikaa wiki kadhaa juani huila klia, na siki haiwezi tena kuliondoa. Mwenye pipa la maji ya mvua ayatumie kwa suuza ya mwisho, kisha alaze taulo kubwa la maikrofaiba juu ya bodi linyonye maji bila kusuguliwa.

Kinyesi cha ndege hakisubiri siku ya kuosha, na kunguru wa Dar es Salaam na Mombasa hawamwonei huruma mtu. Joto huilainisha klia. Ikipoa usiku hukazana kulizunguka pande lililokauka, na alama hubaki. Weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika chache mpaka kinyesi kilainike, halafu kiinue bila kukiburuta.

Polishi ya kweli na ya kuficha

Mikwaruzo ikishakuwapo, njia mbili hutumika. Ya kwanza huikata klia kwa kiasi kidogo mno mpaka mabonde yaishe, jinsi kiwanda cha Century kilivyofanya kwa msasa. Ya pili hujaza mabonde kwa mafuta na silikoni. Siku ya kuchukua gari zote mbili zinafanana. Baada ya kuosha mara chache, ya pili huyeyuka na utando hurudi.

Kipimo ni rahisi. Kabla hujalipa, mwombe fundi afute sehemu ndogo ya boneti kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kisha aimulike kwa tochi. Ukiona mikwaruzo imerudi, ilikuwa imefichwa. Fundi makini hupima kwanza unene wa rangi, hujaribu dawa laini mahali padogo, na huongeza ukali pale tu inapobidi. Mkwaruzo unaonasa ukucha usiufukuze kwa mashine, maana klia itaisha kabla mkwaruzo haujaisha.

Nta huja baada ya hapo. Ile ya carnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, na huyeyuka joto likipita kidogo nyuzi 80 za Selsiasi. Huongeza kina cha weusi na kuyafanya maji yateleze. Koti za seramiki hudumu zaidi na huurahisisha uoshaji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayouzuia mchanga uliokandamizwa kwa kitambaa.

Kijana anayeosha magari hulipwa kwa idadi, hivyo haraka ndiyo mshahara wake. Kumlaumu kwa mikwaruzo huku tukimlipa kwa mwendo huo ni dhuluma. Mpe ndoo ya pili, glavu na taulo zako mwenyewe, mwonyeshe utaratibu, umwongezee ujira wa muda atakaotumia. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko ya kupiga polishi gari zima mara moja, na kila polishi huondoa klia isiyorudi. Mafundi wa Japani walifanya kazi kubwa kuunyoosha uso huo, na sisi tunaweza kuutunza kwa maji mengi na mkono mwepesi.