Mikono ya Mtunza Santuri

Mtazame mtu aliyezoea santuri anavyoitoa kwenye jalada. Haivuti. Huliinamisha jalada kidogo, sahani ikateleza yenyewe hadi kiganjani. Kidole gumba kikapokea ukingo, vidole vingine vikategemeza lebo ya katikati. Sehemu yenye muziki haikuguswa hata kidogo. Baba yangu mdogo, pale Mombasa, hufanya hivyo huku akiongea na wageni, nami sichoki kumtazama.

Uangalifu huo una sababu. Kila upande wa sahani una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Kwenye sahani ya stereo, ukuta mmoja wa mfereji hubeba sauti ya spika ya kushoto na wa pili ya kulia. Ncha ya almasi ya sindano hupita humo ikitikiswa na mawimbi yaliyochongwa kutani. Uzito unaoikandamiza ni kama gramu 2, lakini ncha yenyewe ni ndogo kiasi kwamba gramu hizo zinatosha kushindilia vumbi ndani ya kuta. Mafuta ya kidole ndiyo yanayolinasa vumbi hilo.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi. Sahani kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, iwe sindano iko ukingoni au karibu na lebo. Ukingoni, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde. Kwenye wimbo wa mwisho, 20 na ushei. Mawimbi ya sauti hubanwa mahali padogo, na sindano iliyochakaa hujifichua hapo kwanza. Ndiyo maana baba mdogo hupima sindano kwa wimbo wa mwisho. Herufi "s" ya mwimbaji ikianza kukwaruza, sindano inabadilishwa, wala hakuna mjadala.

Hewa ya pwani ina unyevu, na ukungu hupenda karatasi za majalada. Kwa hiyo kabati lake liko mbali na ukuta wa nje na mbali na dirisha la jua, na sahani zote zimesimama wima kama vitabu, hazikulaliana. Zikilaliana, uzito huzipinda. Kabla ya kupiga, hupitisha brashi laini sahani ikizunguka. Iliyochafuka sana huoshwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni laini, kitambaa kikifuata mfereji, kamwe hakiukati. Lebo hailowi. Kisha sahani husimamishwa ikauke yenyewe kivulini.

Zile za kale za mizunguko 78 zina adabu yake. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za zama hizo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa huko Asia. Spiriti, ambayo wengi huidhani dawa ya kila uchafu, huyeyusha shelaki na kufuta sauti isiyorudi tena. Sahani yenyewe ikianguka, huvunjika. Mfereji wake ni mpana, hivyo hudai sindano nene ya peke yake. Aliyezihifadhi hizo hadi leo zikiwa nzima anastahili heshima kubwa kuliko tunayompa.

Lakini furaha yangu ni sahani ndogo za mizunguko 45. Nyimbo nyingi za bendi za zama za mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe zilizidi upande mmoja, zikagawanywa: maneno upande wa kwanza, magitaa yakichemka upande wa pili. Katikati ya wimbo lazima mtu ainue mkono wa sindano, ageuze sahani, airudishe sindano ukingoni. Baba mdogo hufanya yote hayo upesi bila pupa, na wanaocheza hata hawakai chini.