Shoka Dogo na Mpini Wake

Mhunzi wa Usukuma anapouza shoka dogo mnadani, mara nyingi huuza chuma kitupu. Bapa lipo, makali yapo, mkia mwembamba wa nyuma upo, mpini haupo. Mnunuzi haoni kwamba amepunjwa, kwa kuwa anajua nusu ya pili ya kazi ni yake. Ataingia porini kutafuta tawi lenye fundo, atalichonga, atalikausha na kulitoboa, ndipo atakuwa na shoka. Nataka kulisifu shoka hili, linalochonga nira za maksai na kukata miiba ya maboma mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Itilima, Maswa na Meatu, na sifa yangu inasimama juu ya hoja moja: ubora wake mkubwa ni kumwachia mtumiaji sehemu ya ufundi. Methali husema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Wengi huisikia kana kwamba mpini ni kikorokoro cha kubandikiwa chuma, kumbe katika shoka la Kisukuma mpini ndiyo sehemu inayobeba akili zaidi.

Hoja hii huonekana wazi shoka letu likiwekwa kando ya lile la kisasa linalopendwa ng'ambo, yaani tomahoki ya kijeshi. Asili yake ni kwa wenyeji wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini, waliokuwa na mashoka mepesi ya mawe kabla wafanyabiashara wa Ulaya hawajawaletea ya chuma. Katika miaka ya 1960 Peter LaGana, Mmarekani aliyewahi kutumikia kikosi cha wanamaji, alilifufua na kuwauzia askari waliokwenda Vietnam mashoka yapatayo 4,000. Baadaye lilionekana tena Afghanistan na Iraki. Mengi ya leo hukatwa kwenye bamba moja la chuma, kuanzia makali hadi kitako cha mpini, kisha hubandikwa plastiki ya kushikia. Ni vyombo madhubuti, na sina sababu ya kuvibeza. Lakini chombo cha namna hiyo humfikia mwenyewe kikiwa kimekamilika. Hana la kuongeza, na siku kikipata ufa hana la kufanya. Kimemfanya kuwa mteja tu, hata kama yeye ni hodari wa mikono.

Tazama sasa kiungo cha shoka letu. Katika shoka la kiwandani chuma ndicho chenye tundu, na mti hupita ndani yake. Katika shoka la Kisukuma, kama ilivyo katika mashoka mengi ya Afrika Mashariki na Kusini, mambo ni kinyume: mti ndio wenye tundu, na mkia wa chuma hupita ndani ya kichwa kinene cha mpini. Mkia huo ni mpana karibu na bapa na huchongoka kuelekea nyuma. Kwa hiyo kila pigo huusukuma ndani zaidi, na kazi yenyewe ndiyo inayokaza kiungo. Shoka la kiwandani hulegea kadiri mti unavyosinyaa kwa ukame, na Simiyu ina miezi mirefu ya ukame. Mwenyewe hulazimika kupigilia kabari au kuliloweka majini. Letu likilegea, dawa yake ni kugonga kichwa cha mpini chini mara kadhaa. Isitoshe, mkia ukikatwa vizuri, bapa huweza kuchomolewa na kugeuzwa robo mzunguko, likawa tezo ya kusawazishia mti. Chuma kimoja, mpini mmoja, vyombo viwili.

Atatokea wa kusema kwamba kiungo hicho kina hatari yake: kinachojikaza kwa kila pigo mwisho hupasua mti. Ni kweli, na hapo ndipo ufundi wa mpini unapoanza. Ubao ulionyooka hauwezi kazi hii. Huchaguliwa mahali tawi linapoungana na shina, au kwenye fundo la mzizi, ambapo nyuzi za mti zimesukana na hazina njia moja ya kupasukia. Tundu hutobolewa kwa mkia uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu, kwa sababu kuchoma hakuzipasui nyuzi kama kupigilia, na tundu hupata umbo lile lile la mkia. Kisha shingo ya mpini hukondeshwa ili ipinde kidogo na kumeza mshtuko usifike kwenye kiwiko. Mkole hufaa kwa hilo, kwani ni mgumu na bado unanyumbuka. Ndiyo maana pia hutengenezewa pinde na fimbo. Mpingo ni mgumu zaidi lakini ni mzito, na uzito wa shoka dogo unatakiwa ukae kichwani. Mtu aliyewahi kuchonga mipini miwili mitatu ya namna hii anajua kuhusu miti ya eneo lake mambo ambayo hakuna duka litakalomuuzia.

Chuma nacho kina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kuwa tanuri za Buhaya, upande wa pili wa Ziwa Victoria, zilitoa chuma cha kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Upande wa Geita, Warongo waliyeyusha mawe na kufua majembe yaliyosafiri mbali, yakanunulia chakula na kulipia mahari. Majembe ya Ulaya yaliyofika kwa wingi wakati wa ukoloni yalizima tanuri, ila hayakuzima vilinge vya wahunzi. Hao waligeukia chuma chakavu, na leo malighafi inayopendwa ni springi za gari. Huo si uchakavu wa kuonea haya. Springi ina kaboni kama nusu ya asilimia, imetengenezwa ili ipinde mara maelfu bila kukatika, na ndiyo aina ya chuma ambayo mtengeneza shoka popote duniani angeitamani. Mhunzi hulizamisha bapa likiwa jekundu ili ligande ugumu, kisha huliotesha moto kidogo kidogo na kutazama rangi zikitambaa kwenye chuma kilichosuguliwa, kuanzia ile ya majani makavu, kahawia, hadi zambarau. Akichelewa, makali hulainika. Akiwahi, hubanjuka kwenye mgunga wa kwanza. Hana kipimajoto, ana jicho, na jicho hilo limefundishwa kwa miaka.

Kuhusu udogo, ushahidi bora uko pembezoni mwa Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Mwanamume wa Kihadzabe akienda porini hubeba upinde, mishale na shoka dogo begani, na shoka hilo ni la asali. Humfuata ndege mlembe mpaka kwenye mbuyu, huchonga vigingi vya mti, huvigongelea kwenye gome akipanda, na akifika juu hupanua mlango wa mzinga kwa makali. Fikiria kazi hiyo yote ikifanywa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kigingi, nyuki wakizunguka. Shoka zito lingekuwa kifo. Panga nalo refu, jembamba, zuri kwa nyasi na mabua, lingedunda kwenye mti mgumu, kwa sababu uzito wake umetandazwa kwenye urefu wake badala ya kukusanyika nyuma ya makali.

Pingamizi zito zaidi linahusu misitu. Nchi ya Wasukuma ilivuliwa miti kwa shoka, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o wakati wa ukoloni, baadaye kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ukafufua ngitili, malisho yanayofungwa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimeandikishwa kiasi cha hekta 600 zilipita hekta 300,000. Je, kulisifu shoka si kuusaliti ukijani huo? Naona kinyume. Ngitili haitunzwi kwa kutoguswa. Hutunzwa kwa kupogolewa, kwa kukata tawi na kuacha kisiki kichipue. Kazi hiyo yataka chombo kidogo na mtu anayechagua. Chenso humaliza mti kabla mkataji hajafikiri lolote. Na anayehitaji mpini mpya kila baada ya misimu kadhaa ana sababu yake binafsi ya kutaka mkole uendelee kuwepo.

Pia shoka ni silaha. Usukuma umezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na hakuna anayeweza kusifu makali katika mkoa huu akalipita jambo hilo kimya. Ufundi haumzuii muuaji. Sheria na majirani wenye ujasiri ndio wanaoweza kumzuia. Ninachokataa ni ile lugha ya matangazo ya tomahoki inayomuuzia raia chombo kwa kumtia hofu ya adui asiyemjua. Nira iliyovunjika wakati wa kulima, na mvua ikiwa imekwisha kuanza, ni sababu tosha ya kuwa na shoka.

Wapo wanaodai kwamba yote haya ni umaskini uliopakwa rangi, kwamba mtu wa Dutwa huchonga mpini kwa kuwa hana fedha ya kununua uliochongwa. Lakini mwenye fedha wa kijiji hicho hicho naye huukataa mpini wa dukani, wa mti laini ulionyooka, akaenda kwa mchongaji anayemwamini. Amepima vyote viwili shambani. Kijana wake akifundishwa kuchagua fundo na kutoboa kwa moto, naye atakuwa na uwezo wa kupima, hata akija kununua shoka la bamba moja kutoka Marekani.